La Mgambo Lilie Lini?

Dalili za ugonjwa wa kutisha zikionekana kijijini, taarifa itoke hapo hapo ingawa bado ni tetesi, au isubiri maabara iseme? Wanaobishana ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, na mfanyabiashara wa samaki, wote wa Kagera. Watu wenyewe ni wa kutungwa, lakini matukio wanayoyataja yalitokea.

MHUDUMU: Nianzie Biharamulo. Mlipuko wa Marburg ulipotangazwa kwisha Machi 2025, hesabu ilikuwa watu kumi, na wote kumi walikuwa wamekufa. Waliokuwa na jibu la maabara ni wawili tu. Wanane waliobaki wameandikwa kuwa yamkini walikuwa nao. Sasa mkuu, unaposema tusubiri maabara, unataka tusubiri kitu ambacho wanane kati ya kumi hawakukipata, si wakiwa hai wala baada ya kufa.

MRATIBU: Mama, na mimi nitaanzia hapo hapo. Januari 14 mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wahisiwa tisa, wanane wakiwa wamefariki. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizokwisha kupimwa hazikuonyesha Marburg. Januari 20, Rais Samia akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros, akatangaza kwamba sampuli moja imeonyesha. Wewe katika siku sita zile unaona kuchelewa. Mimi naona kazi ya watu. Homa, kutapika, kuharisha, mwili kulegea: taja ugonjwa ambao hauji hivyo. Malaria huja hivyo, taifodi huja hivyo. Kagera ni mkoa wa malaria. Nikiita kila homa yenye kutapika Marburg, ifikapo Ijumaa sina pikipiki yenye mafuta wala mtu wa kuniamini.

MHUDUMU: Sampuli za mwanzo zilisema hapana, kisha moja ikasema ndiyo. Kwa hiyo hapana ya maabara nayo ina mipaka.

MRATIBU: Ina mipaka, na imeandikwa kwenye miongozo. Mtu akipimwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze, jibu la hapana halimwachii huru, lazima arudiwe kupimwa. Lakini tofauti yetu ni hii: mimi najua jibu langu linaweza kukosea kwa njia gani. Tetesi haikuambii imekosea wapi.

MHUDUMU: Haya, tuseme jinsi taarifa inavyopanda, maana wengi hawajui. Mgonjwa anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA pale zahanati. Mwisho wa wiki muuguzi anajumlisha, anatuma kwa simu. Wilaya inaona, mkoa unaona, wizara inaona. Nimekosea?

MRATIBU: Hujakosea, ila umeruka jambo kubwa. Magonjwa hayaendi kwa mwendo mmoja. Yapo ya kutolewa taarifa ndani ya saa 24: kipindupindu, kimeta, kupooza kwa ghafla kwa mtoto, homa za virusi zinazotoa damu. Yapo ya kila wiki, yapo ya kila mwezi. Na kizingiti cha kushtuka ni tofauti. Kwa malaria ninalinganisha wiki hii na wiki kama hii ya miaka iliyopita. Kwa Ebola na Marburg sihitaji kulinganisha na chochote, mhisiwa mmoja ananitoa kitandani. Nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana mfumo huu jumuishi mwaka 1998 kwa sababu kabla yake kila ugonjwa ulikuwa na fomu zake, gari lake na mfadhili wake, na muuguzi mmoja ndiye aliyejaza zote. Kuna jambo jingine ninalolithamini: sifuri ni taarifa. Zahanati isiyoona mgonjwa haikai kimya, inatuma sifuri. Kimya maana yake hatujui.

MHUDUMU: Sifuri ya uzima na sifuri ya uvivu zinafanana kwenye skrini yako. Ninajua zahanati yenye muuguzi mmoja. Akienda kujifungua, sifuri hutumwa na nani? Nyie mnahesabu asilimia ya vituo vilivyotuma kwa wakati, mkifika themanini mnafurahi. Mmepima utumaji. Ugonjwa je?

MRATIBU: Hapo umenigusa. Endelea.

MHUDUMU: Kitabu cha MTUHA kinamwona aliyefika tu. Huku kwetu mtu akiugua, kwanza anakwenda duka la dawa muhimu, ananunua dawa ya malaria. Asipopona anakwenda kwa mganga wa tiba asili, au kwa mchungaji. Zahanati ni kituo cha tatu au cha nne, na wengine hawakifikii. Mimi nakaa kitongojini. Najua nyumba ambayo baba amezikwa Jumanne na Jumapili mama ameanza kutapika. Watu wawili wa nyumba moja! Kwenye jedwali lako la wiki wawili hao ni homa mbili kati ya mamia. Kwangu wao ndio habari yenyewe.

MRATIBU: Na ndiyo sababu toleo la tatu la miongozo, la mwaka 2019, limeiweka jamii ndani. Linataka tusikilize matukio: watu wa kaya moja wanaougua kwa kufanana, wanafunzi wengi kukosa shule ghafla, mifugo kufa ovyo, mhudumu wa afya kuugua baada ya kumhudumia mgonjwa. Mama, hakuna anayekukatalia kusema. Nikipata ishara yako naihakiki kwanza, ikithibitika ndipo naiita tukio. Ninachokataa ni ishara kurukia redioni kabla sijafika.

MFANYABIASHARA: Afadhali umetaja redio, daktari, maana mnabishana kama vile taarifa inaishia kwenu. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulifunga milango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Sababu ilikuwa kipindupindu. Si samaki waliokutwa na kipindupindu, ni nchi zilizokuwa nacho. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema marufuku ile haikuwa na msingi wa kiafya, lakini milango ilikaa imefungwa miezi. Mwaka uliofuata wakafunga tena, safari hiyo kwa sababu ya wavuvi kutumia sumu, na hilo silitetei. Ila la kwanza? Mvuvi wa sangara alikosa nini? Nchi yake ilisema kweli juu ya kipindupindu, basi.

MHUDUMU: Kwa hiyo wangeficha?

MFANYABIASHARA: Sijasema hivyo. Nasema aliyeandika sheria ya kutoa taarifa hakuandika sheria ya kunilipa.

MRATIBU: Mzee ana haki ya kuuma. Kanuni za kimataifa za afya za zamani, za 1969, hatimaye zilibaki na magonjwa matatu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Kila nchi ilijua kwamba kutaja mojawapo ni kujifungia biashara, kwa hiyo nyingi zilinyamaza. Baada ya SARS kutikisa dunia mwaka 2003, kanuni ziliandikwa upya, zikapitishwa 2005 na kuanza kazi Juni 2007. Sasa si orodha tu. Tukio lolote linaloweza kuvuka mipaka nchi inalitathmini, ikiona ni zito inatoa taarifa ndani ya saa 24. Na kuna kifungu ambacho, nikisema kweli, kinampa mama hoja: Shirika la Afya Duniani linaruhusiwa kupokea habari kutoka vyanzo visivyo vya serikali, yaani hata tetesi, kisha kuiuliza nchi, na nchi inatakiwa kutoa jibu la awali ndani ya saa 24.

MHUDUMU: Ala! Kumbe tetesi inakubalika Geneva, inakataliwa kwa mtendaji wa kijiji.

MRATIBU: Inakubalika kama swali. Haikubaliki kama jibu.

MFANYABIASHARA: Na wenye kufunga mipaka wanazifuata kanuni hizo? Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya kirusi cha corona, ile iliyoitwa Omicron. Walifanya kila mlilofundishwa: waligundua upesi, wakasema upesi. Ndani ya siku chache wasafiri wao wakazuiwa kuingia Ulaya na Marekani. Mnataka nijifunze nini hapo?

MHUDUMU: Jifunze na upande wa pili, mzee. Kufikia mwanzoni mwa Mei 2020 nchi yetu ilikuwa imetoa hesabu ya corona: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo hesabu zikakoma, kwa zaidi ya mwaka. Je, watu waliacha kuzika?

MFANYABIASHARA: Hawakuacha. Lakini samaki waliuzwa.

MHUDUMU: Waliuzwa na watu ambao hawakujua wajikinge na nini.

MRATIBU: Mimi kwa hilo nitasema neno la mtu wa takwimu tu. Takwimu zikikoma, zinakoma kwa wote. Daktari wa hospitali ya wilaya alikuwa hajui kama wodi yake iliyojaa ni yake peke yake au ni ya mkoa mzima. Watu walibaki na tetesi bila kitu cha kuzipimia. Kwa hiyo mama usidhani kwamba ninayeipigania maabara napigania ukimya. Nalipigania lile linalobaki pale kila mtu anapopiga kelele.

MHUDUMU: Basi nikupe mfano wa serikali yenyewe kutangaza bila maabara. Machi 16, 2023, Bukoba Vijijini, ilitangazwa kuna ugonjwa usiojulikana: watu saba wenye homa, kutapika na kutokwa damu, watano wamekufa. Hakuna jina. Jina lilikuja Machi 21: Marburg, kwa mara ya kwanza nchini. Mlipuko ule uliishia kwa wagonjwa tisa na vifo sita. Siku tano za kusema hatujui bado, lakini msiguse maiti, zilimwua nani?

MRATIBU: Hazikumwua mtu, na nadhani zilisaidia. Nakubali bila kinyongo. Lakini tazama kilichotangazwa: idadi, mahali, dalili, na tahadhari. Tetesi iliyopita kwenye simu za watu wiki ile haikuwa hiyo. Kumbuka na Ruangwa, mkoa wa Lindi, Julai 2022. Watu walitokwa damu puani, wakaanguka, watatu wakafa. Kila mtu alikuwa na jina lake mdomoni, Ebola kwanza. Wataalamu wakaenda, wakapima, ikawa homa ya mgunda, ambayo wagonjwa wake hutibiwa kwa antibiotiki za kawaida. Ukimwambia mtu ni Ebola atakimbia hospitali. Ukimwambia ni homa ya mgunda atakimbilia hospitali. Jina lisilo lake linaua, mama.

MHUDUMU: Na wataalamu walifikaje Ruangwa? Nani aliwaita?

MRATIBU: Watu waliosema.

MHUDUMU: Ahsante.

MFANYABIASHARA: Mnapongezana. Rwanda je? Septemba 27, 2024 walitangaza Marburg, wakaendelea kutoa hesabu siku hadi siku. Watu 66 waliugua. Na bado Marekani ikawaonya raia wake wafikirie upya safari za kwenda huko.

MHUDUMU: Kati ya hao 66 walikufa 15. Huo ni ugonjwa ambao kwingine umeua nusu ya wagonjwa, mpaka tisa kwa kumi. Biharamulo hakupona mtu. Kama kusema wazi kunaleta onyo la safari na watu 51 wanabaki hai, mimi nachukua onyo.

MRATIBU: Tusiharakishe, mama. Rwanda waliougua wengi walikuwa wahudumu wa hospitali, mjini Kigali, karibu na vyumba vya uangalizi maalumu, mashine na dawa za majaribio. Uwazi ulisaidia, lakini vitanda vilisaidia zaidi. Mtu wa kisiwa cha Goziba huku kwetu ana nini karibu yake? Nakuambia hili kwa sababu watu wanapenda kuamini kwamba kugundua mapema peke yake ni tiba. Kugundua mapema mahali pasipo na kitanda ni kujua mapema tu.

MHUDUMU: Hata kujua tu kunazuia mazishi ya kumshika maiti. Mimi hilo linanitosha.

MRATIBU: Basi nikuonyeshe mfumo ambao ungekufurahisha, na ni wa kwetu. Polio. Mtoto wa chini ya miaka 15 akipooza ghafla, hata kama ninaamini kabisa si polio, natakiwa kuchukua kinyesi mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu apooze. Na ninapimwa hivi: kipimo cha awali kilitaka kila mwaka nipate angalau mtoto mmoja kati ya 100,000 aliyepooza ambaye baada ya kupimwa si polio. Nisipompata naambiwa simtafuti. Yaani kukosea kumehesabiwa kuwa dalili ya mfumo kufanya kazi.

MHUDUMU: Ndicho ninachokililia! Mbona kwa tetesi zangu tatu zisizothibitika nilisemwa kwenye kikao, nikaitwa mzushi? Katika polio wewe unapewa alama kwa hao hao.

MRATIBU: Kwa sababu polio ni ugonjwa mmoja wenye dalili moja na mtandao wa maabara wa dunia nzima uliogharimiwa kwa miaka mingi. Sampuli ina gari, ina boksi la barafu, ina anayeipokea. Malawi ilipogundua polio mwitu Februari 2022, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kirusi ni ndugu wa kirusi cha Pakistan. Nipe fedha za aina hiyo kwa kila homa ya Kagera, nitakupigia makofi kwa kila tetesi.

MHUDUMU: Zanzibar hawakungoja utajiri. Mwaka 2008 walianza kutuma taarifa za malaria kwa simu za kawaida. Baadaye kila mgonjwa aliyeonekana kituoni afisa wa wilaya anamfuata hadi nyumbani, anaipima kaya yake, anauliza kama amesafiri.

MFANYABIASHARA: Na jirani anaona pikipiki ya afya imeegeshwa mlangoni kwa fulani. Malaria haina aibu, sawa. Je, ikiwa ni Marburg? Wewe mama unasema nyumba ambayo baba amezikwa Jumanne. Nyumba hiyo ina jina. Ina duka. Watoto wake wanasoma. Taarifa yako ikipanda, jina linapanda nayo?

MHUDUMU: Linafika kwa muuguzi. Lazima, la sivyo atamfuata nani?

MFANYABIASHARA: Na juu zaidi?

MRATIBU: Linatakiwa kubaki wilayani. Juu inapanda umri, jinsia, kijiji, tarehe. Lakini sitakudanganya, mzee: mlipuko ukiwa wa watu tisa katika vijiji viwili, ukitaja kijiji, umri na jinsia umekwisha kumtaja mtu.

MFANYABIASHARA: Basi msitaje kijiji.

MHUDUMU: Na wa kijiji jirani ajikinge na nani? Na mgeni anayekuja msibani?

MFANYABIASHARA: Mmeona? Kila mnachoomba kinatoka mfukoni kwa mtu ambaye hayumo kikaoni.

MHUDUMU: Hata mimi sipo kikaoni, mzee. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa jamii 137,294 katika miaka mitano, na jambo hilo nalisifu. Lakini wengi tumefanya kazi hii kwa posho ya semina na bando letu wenyewe. Natuma ujumbe: nyumba fulani, watu wawili. Hakuna kinachorudi. Sijui kama umesomwa, kama mtu amekwenda, kama ni malaria au ni mauti. Mara ya pili natuma. Mara ya tatu nawaambia majirani, kwa sababu wao hujibu. Hapo ndipo mnasema tetesi zimeenea.

MRATIBU: Hilo ni kosa la muundo, na wafadhili hawapendi kulilipia. Programu inayopandisha taarifa ina fedha. Mtu wa kurudisha jibu hana fungu.

MHUDUMU: Namba 199 ya wizara ni bure, naipiga. Lakini anayepokea hanijui mimi wala nyumba ninayoisema.

MRATIBU: Sasa kuna kipimo kipya kinachotumiwa na nchi nyingi, wanakiita saba-moja-saba. Siku saba za kugundua tangu ugonjwa utokee, siku moja ya kutoa taarifa, siku saba za kukamilisha hatua za kwanza za kuuzuia. Kinanibana mimi, si wewe. Nilidhani utakipenda.

MHUDUMU: Nakipenda. Kugundua kunahesabiwa kumetimia siku gani? Nikimwambia muuguzi kwa mdomo Jumatatu, na yeye akaandika Alhamisi baada ya mganga mfawidhi kurudi, umegundua lini?

MRATIBU: Kwa kawaida inaingia tarehe iliyoandikwa. Alhamisi.

MFANYABIASHARA: Na mimi nina saa yangu. Mlipuko hautangazwi kwisha mpaka siku 42 zipite bila mgonjwa mpya. Siku hizo 42 hakuna anayeshuka mwaloni kununua. Zinaanza kuhesabiwa baada ya mgonjwa wa mwisho, sivyo?

MRATIBU: Ndivyo.

MFANYABIASHARA: Basi hizo siku tatu kati ya Jumatatu na Alhamisi ninazilipa mimi mwishoni, maana kila anayeambukizwa katikati yake ananisogezea mgonjwa wa mwisho mbele. Hapo mama amenipata. Lakini sijalegeza la fidia.

MHUDUMU: Sikuombi ulegeze. Mkuu, andika Jumatatu.

MRATIBU: Nikiandika Jumatatu, wilaya itasomeka kuwa ilijua siku tatu ikakaa, na wa kuulizwa ni mimi.

MHUDUMU: Na ukiandika Alhamisi hakuna wa kuulizwa.

MRATIBU: Fomu ina nafasi ya tarehe moja. Nitaandika Alhamisi, na Jumatatu nitaiweka kwenye nafasi ya maelezo.

MFANYABIASHARA: Nafasi ya maelezo husomwa na nani?